Mamangu hakuwa mpole

Siku za matanga, kila aliyeingia kutupa mkono wa pole alisema neno lile lile: marehemu alikuwa mpole. Mpole, mwenye subira, hakuwahi kugombana na mtu. Sisi watoto wake tulikuwa tumeketi mikekani kule Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, juzuu zinasomwa na kahawa inazunguka, tunaitikia "Mungu amrehemu" huku tukikwepana macho tusije tukacheka. Mpole nani? Mamangu alimfuata mwuza makaa kutoka mlangoni petu mpaka Ndia Kuu, buibui hajalifunga vizuri, kwa sababu ya gunia lililotiwa mawe chini. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemchapa mdogo wangu kupita kiasi aliitwa barazani, akapewa chai, kisha akapewa na maneno yake.

Sijui kwa nini tunawafanya hivi mama zetu. Mwanamume akifa hutajwa kwa kazi: alikuwa nahodha, alikuwa seremala, alikuwa karani Kilindini, ndiye aliyekuwa akiadhini msikiti fulani. Mwanamke akifa hutajwa kwa tabia, tena tabia moja, kana kwamba wote walifinyangwa na mkono mmoja. Mamangu alikuwa na kazi. Alipika mahamri ya kuuza tangu mimi sijaota meno hadi magoti yalipomkatalia. Alishika daftari la mchezo wa wanawake wa mtaa, yaani upatu. Na aliosha maiti. Hizo ndizo ninazotaka kuziandika, na dini yake mtaiona humo humo, maana sikumwona akiiweka mahali pengine.

Nianze na mahamri, kwa kuwa ndiyo yaliyotulisha. Mama aliolewa mwaka wa Uhuru, 1963, na Baba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alifariki sisi tungali wadogo. Mama akakaa eda miezi minne na siku kumi, na siku aliyotoka alikuwa keshapiga hesabu yake: nyumba ni ya urithi upande wao kwa hivyo kodi hakuna, vinywa ni vingi, na yeye anajua kupika. Ndugu zake walitaka aolewe tena. Aliwajibu kwamba amewasikia. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila jambo ambalo keshalikataa.

Baada ya Isha alikuna nazi. Aliketi juu ya mbuzi, sinia mbele yake, na sisi tulilala kwa sauti ile. Tui la kwanza aliligawa mafungu mawili, moja la kukandia unga, jingine la kumalizia mbaazi; tui jepesi ndilo la kupikia mbaazi zenyewe. Hiliki aliiponda kinuni kila usiku kwa sababu hiliki ya dukani iliyokwisha kusagwa, alisema, imeshakata roho. Halafu unga, sukari, hamira, tui la vuguvugu, akakanda kwa ngumi mpaka donge likaacha kumshika vidole. Akalifunika kwa kitambaa, akalala. Aliamka kabla ya adhana ya Alfajiri, na wakati unga ulipokuwa ukimalizia kuumuka yeye alikuwa juu ya msala. Sikuwahi kujua ni kipi kilichomwamsha, sala au unga, na nadhani hata yeye hakuona haja ya kuvitenga.

Kukikucha jiko limewaka. Alisukuma duara, akalikata mara nne, akatumbukiza pembe zile katika karai na kuyamwagia mafuta juu kwa mwiko ili yavimbe. Hamri lisilovimba halikuuzwa. Lilitiwa bakuli la upande, la watoto, ndiyo maana mpaka leo napenda hamri lililolala kuliko lile la kupendeza. Wateja walikuwa makuli wanaoelekea bandarini, wanafunzi, vijana wa mikokoteni, na mabwana wakubwa waliotuma watoto wao na sahani zilizofunikwa kawa. Bei ilikuwa moja kwa wote. Mwenye uwezo aliyeomba apunguziwe aliambiwa anunue machache.

Ramadhani biashara ilihamia Alasiri: kaimati, viazi karai, sambusa, mkate wa sinia. Masheikh wanaruhusu mpishi aliyefunga kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema. Mama aliijua ruhusa hiyo na hakuitumia. Alimwita mtoto yeyote asiyefunga aliyekuwa akicheza nje, akamtia kijiko mdomoni na kumwangalia uso. Watoto wa mtaa mzima walijua kwamba kupita mlangoni petu saa kumi jioni kuna faida.

Pesa za siku aliziweka katika makopo ya maziwa ya unga. Kopo moja la unga na nazi za kesho, moja la nyumba, na la tatu, lililokaa juu ya kabati tusikofika, lilikuwa la bafta.

Asiyejua bafta nimwambie ni kitambaa cheupe cha pamba kinachokatiwa sanda. Mama aliinunua kwa jora Mtaa wa Biashara, duka moja miaka yote, akaipima kwa yadi mwenyewe mbele ya mwenye duka, mtu ambaye nadhani alimwogopa. Nyumbani aliikata vipande vya sanda ya mwanamke, vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya wa kichwani, na nguo mbili za kumzingia mwili mzima. Vipande vyembamba vya kufungia alivichana kwa mkono kutoka pindoni. Vyote aliviviringisha pamoja na pamba, kafuri na unga wa majani ya mkunazi, akavitia katika mkoba wa ukili uliotundikwa nyuma ya mlango wa chumba chake. Hodi ikipigwa usiku wa manane Mama hakuuliza nini. Aliuliza wapi.

Kazi ile aliirithi kwa mamake. Nyanya yangu alikuwa mwosha, na alikuwa pia mtu wa lelemama, ngoma ya wanawake, na hayo mawili hayapingani kama wanavyodhani vijana wa leo wanaosikia habari za ngoma tu. Vyama vya lelemama vya Mombasa, kina Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa mavazi na kwa nyimbo za kupigana vijembe, lakini humo ndimo wanawake walimozoea kukusanya pesa zao wenyewe, kugawana kazi na kumtii kiongozi waliyemtaka. Miaka ya 1950 baadhi yao walianza vyama vya maendeleo ya wanawake wa Kiislamu, wakaanza kusema habari za kusomesha wasichana. Nikiuangalia mchezo wa Mama, ile zamu ya kila mwezi ambapo wote wanatoa na mmoja anapokea, namwona Nyanya. Mtaa wetu haukuhitaji afisa wa maendeleo kuja kuufunza kukusanya fedha. Ulihitaji mtu mkali wa kushika daftari.

Nilikuwa msichana nilipoingizwa chumbani mara ya kwanza. Mama alikuwa amepungukiwa na mkono. "Ndoo," akaniambia, kwa Kimvita chake, yaani njoo. "Shika kopo. Mwaga taratibu. Na usiangalie usilotumwa kuangalia." Wanawake wawili walishika leso kuzunguka kitanda. Marehemu alikuwa amefunikwa, na Mama alifanya kazi yake chini ya lile shuka, mkono wake umezingwa kitambaa, bila kumfunua. Alimtawadhisha kama anavyotawadha aliye hai. Akaosha kichwa, kisha upande wa kuume wote, kisha wa kushoto, kwanza kwa maji ya mkunazi, akarudia kwa maji safi, mpaka mara ya tatu, na ya mwisho ina kafuri. Nywele akazichana kwa vidole, akazisuka misuko mitatu na kuilaza nyuma. Muda wote alisema naye. "Bibi, nakugeuza sasa. Bibi, maji haya yana baridi kidogo." Nilidhani anafanya hivyo ili mimi nisiogope. Baadaye niliona anasema hivyo hata nisipokuwepo, na hata kwa maiti ambaye hakuna aliyelijua jina lake.

Kazi hii ina vifaa vyake na shida zake. Zamani maiti alioshewa nyumbani na chini ya kitanda ukachimbwa ufuo wa kupokea maji. Nyumba zilipopigwa saruji sakafuni, ufuo ukawa beseni na mpira. Lakini shida kubwa ya Mombasa ni maji yenyewe. Kisiwa hiki kimezungukwa na bahari na visima vyake vingi ni vya chumvi chumvi. Maji tamu hutujia kwa bomba kutoka mbali, Mzima kule Tsavo, Marere, Baricho, na bomba hukauka linapotaka. Basi nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na madumu mawili ya lita 20 yaliyofungwa kwa kamba nyekundu. Maji ya maiti. Tungeweza kukaa bila kuoga, tungeweza kununua maji ya mkokoteni kwa bei ya kutukana, lakini madumu yale hayakuguswa. Mdogo wangu aliwahi kufungua moja akaosha baiskeli. Sitaeleza yaliyompata.

Mwosha hasemi alichokiona. Hiyo ndiyo sitara, na kwa Mama ilikuwa nzito kama sala. Watu walikuja kumpeleleza, hasa jamaa. Eti uso wake uling'aa? Eti alikuwa anatabasamu? Walitaka habari njema ya kwenda kuisambaza. "Alikuwa na uso wa mtu aliyekufa," Mama aliwajibu, na kuendelea kuchambua mbaazi.

Mara moja tu nilimwona akiinua pazia la sitara, nami sitataja mtaa wala mwaka. Tuliitwa kwa mwanamke kijana. Tuliambiwa alianguka ngazini. Mimi ndiye niliyekuwa na kopo. Mama alianza kama kawaida, bismillahi, mkono chini ya shuka, kisha mkono ukasimama. Akamfunika vizuri, akanawa, akafungua kitambaa mkononi. Akawaambia wenye leso waendelee kushika. "Huyu siwezi kumwosha mpaka mamake aingie aone." Nje wanaume walikuwa wameshaleta jeneza na Alasiri inakaribia. Mzee mmoja alisogea mlangoni akamkumbusha, kwa adabu, kwamba maiti hacheleweshwi na kwamba mwosha ana amana. Mama alimjibu kwa sauti ya kawaida, ile ya kuuzia mahamri: "Sitara ni ya maiti. Si ya aliyemwua."

Mamake aliingia. Polisi waliitwa, na mazishi yalisubiri. Kesi haikufika mbali. Upande wa mume ulikuwa na jamaa wengi mtaani, na kwa kitambo kirefu kuna nyumba ambazo hazikutuma tena sahani asubuhi. Tulikula mbaazi nyingi sana siku zile. Mama hakulitaja jambo hilo tena, wala hakupunguza unga. Alikanda kiasi kile kile, yaliyobaki akayapeleka chuoni kwa watoto.

Ndiyo maana wakiniambia alikuwa mpole natamani kuwauliza: siku ile mlikuwa wapi?

Kuna misiba miwili ambayo Mombasa nzima inaikumbuka, na Mama alikuwa na sehemu ndogo katika yote miwili. Wa kwanza ni wa feri ya Mtongwe, iliyopinduka asubuhi ya Ijumaa, Aprili 29, 1994. Walikufa watu zaidi ya 270, wengi wakiwa njiani kwenda kazini kisiwani, karibu kabisa na ufuo. Kila mtaa ulikuwa na msiba wake na waosha wakawa hawatoshi. Mama alitoka na mkoba akarudi usiku, akachukua jora lililobaki na mkasi, akatoka tena. Palizuka hoja siku ile kwamba aliyezama ni shahidi na shahidi haoshwi. Nakumbuka Mama akiwapangia jambo hilo wanawake wenzake barazani, haraka, huku akichana bafta: asiyeoshwa ni yule aliyeuawa vitani, aliyezama ana daraja ya shahidi kwa Mola wake, lakini huku kwetu anaoshwa, anakafiniwa na anasaliwa. "Na kwa maji tamu," akaongeza. "Chumvi imemtosha." Madumu mawili hayakufika popote. Majirani walileta yao, wengine mpaka ya kunywa.

Msiba wa pili ni machafuko ya Likoni, ng'ambo ya kivuko, Agosti 1997. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi kilivamiwa, na siku zilizofuata watu kutoka bara, Wakamba, Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, waliuawa, wakachomewa nyumba na vibanda, na maelfu wakakimbia. Wengi walijihifadhi katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Mama alikuwa na mwanamke wake wa mbaazi pale Marikiti, Mkamba, aliyekuwa akizileta kwa magunia kutoka kwao na kukaa Likoni. Siku ile hakufika sokoni, wala kesho yake. Siku ya tatu Mama alijaza kikapu mahamri, akavaa buibui na kusema anavuka.

Kaka yangu alimzuia mlangoni. Kule kumechafuka, Mama, wewe mtu mzima unakwenda kutafuta nini? Alijibu kwamba ana deni. Kweli alikuwa nalo: alichukua mbaazi wiki ile kwa ahadi ya kulipa Jumatatu, na Jumatatu ilishapita. Kaka akaona afadhali afuatane naye. Yeye ndiye aliyetusimulia: jinsi Mama alivyopita kati ya familia zilizolala juu ya vifurushi vyao, akiuliza mbaazi, mbaazi, mwanamke wa mbaazi; jinsi alivyompata ameketi kivulini na watoto wake; na jinsi neno la kwanza alilotamka baada ya salamu lilivyokuwa kiasi cha deni. Alimhesabia pesa mkononi. Kikapu aliwapa waliokuwa karibu. Halafu wale wanawake wawili wakaketi pamoja mpaka jioni, na Kaka hakusikia walichosema. Mama wa mbaazi alirudi kwao bara, na miaka kadhaa baadaye akaanza kumtumia Mama gunia moja kila msimu kwa basi. Mama alilipa kila gunia, ingawa mwenzake alisema ni zawadi. Waligombana juu ya hilo kwa simu mpaka uzeeni.

Juu ya ibada zake nina machache ya kusema, kwa sababu hakuzionyesha. Uradi wake aliusoma akiwa jikoni. Maulidi alihudhuria, na walipokuja vijana wa kusema maulidi ni bidaa, aliwaambia wale wali kwanza kisha waendelee na mawaidha. Alihiji mara moja, kwa zamu yake ya mchezo na akiba ya miaka, akarudi na Zamzam na tende na mafua. Hakutaka kuitwa Hajati. Alisema jina hilo linapandisha bei ya unga.

Mwaka 2020 ndio uliomshinda. Magoti yalikuwa yameshakataa. Dada yangu ndiye aliyekaanga, Mama akiwa kitini anaamrisha. Machi misikiti ikafungwa kwa ajili ya korona. Mei 6, tukiwa ndani ya Ramadhani, serikali ikatangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale, barabara zikawekwa vizuizi, na mitaa ambayo jioni hujaa moshi wa mishikaki ikawa ya paka peke yao. Mazishi yakawa ya watu 15. Waliokufa kwa maradhi yale walizikwa na watu wa afya waliovaa nguo za plastiki kutoka utosini hadi miguuni, na waosha wakaambiwa wakae mbali.

Watu walidhani Mama atapinga. Hakupinga, aliijua fikihi kuliko waliotumwa kumweleza. Maji yakiwa na madhara kuna tayamamu kwa udongo safi, nayo ikishindikana Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Aliwapigia wenzake simu mmoja mmoja akawaambia asitokee mtu wa kujitia ushujaa. Lakini alipofariki mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtu aliyemjua tangu wote wawili wakisuka mikeka, akachukuliwa hospitalini na kuzikwa pasi na mkono wa yeyote kati yetu, Mama aliomba ateremshiwe ule mkoba. Akatoa kila kitu, akakunja upya, akarudisha. Kesho yake akafanya tena. Kazi nyingine iliyobaki ilikuwa daftari, nalo lilijaa mwezi ule kuliko miaka yote, maana nusu ya mtaa ilikuwa haina kazi na Mama alisema mahamri yaende tu, tutaandika.

Alifariki mwaka 2022, Jumanne. Najua wengine wangependa niseme Ijumaa.

Tulimwosha nyumbani. Wenzake wawili walikuja, mmoja wa Kuze na mmoja wa Mlango wa Papa, nao ni watu wazima wenye magoti yao mabovu, na mimi na dada zangu tukashika kopo na leso. Nilishusha mkoba. Chini kabisa, chini ya sanda za watu wengine, palikuwa na furushi lililofungwa peke yake: bafta aliyoirowesha Zamzam alipohiji, vipande vitano vimeshakatwa, na katikati yake risiti ya duka la Mtaa wa Biashara, wino umefifia. Alitaka ijulikane kwamba sanda yake aliinunua kwa pesa yake na imelipwa.

"Mwosha huoshwa," akasema yule wa Kuze, akikunja mikono ya gauni. Kisha wakaanza kubishana. Mmoja alitaka tumwoshe mara tatu, mwingine tano, na wote wawili walikuwa na hakika kwamba ndivyo Mama alivyofunza. Walibishana huku wakimwosha, kwa sauti ya chini, kila mmoja akimwambia marehemu, "Bibi, msikie huyu." Tukafika tano. Nilimwaga maji taratibu. Uso wake sitausema.

Alisaliwa Alasiri, wanaume wakampeleka Kikowani. Sisi wanawake tulibaki na masufuria. Mkoba haukukaa hata mpaka arubaini: palitokea msiba Bondeni, mwenzake wa Kuze akauchukua kwenda nao, na hatujauomba urudi.

Likabaki daftari. Kabla urithi haujagawanywa lazima madeni ya marehemu yajulikane, na Kaka alisimama msikitini akatangaza kwamba anayemdai Mama aje. Hakuja mtu. Wa kudaiwa walikuwa wengi, ila hatukuweza kuwasoma. Mama hakusoma skuli. Aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni, tena bila irabu, mkono wa haraka wa mtu mwenye mafuta vidoleni. Na sisi, tuliosoma Kiarabu cha msahafu chenye irabu zote, tulikwama ukurasa wa kwanza. Ikabidi tumwite mwalimu wa chuo, mzee sasa, yule yule aliyewahi kupewa maneno yake barazani. Alisoma kidole kikifuata mstari, na palipomshinda alimwuliza dada yangu nani alikuwa akinunua mahamri mangapi, akarudi akasoma tena. Karibu majina yote ya mwaka 2020 yalikuwa yamepigwa mstari mmoja, na pembeni neno moja: nimesamehe. Mjane fulani, nimesamehe. Kijana wa mkokoteni, nimesamehe. Mwalimu mwenyewe alikuwemo. Akalisoma jina lake bila kupandisha macho, akaendelea.

Jina moja halikupigwa mstari. Bwana mmoja wa mtaani, mwenye nyumba za kupangisha, aliagiza mahamri ya harusi ya mwanawe akalipa nusu. Mama aliandika kiasi, tarehe, na maneno mawili ambayo mwalimu aliyasoma mara mbili kuhakikisha: ana uwezo.

Kaka alimwendea baada ya Isha. Alilipa, akilalamika kwamba mahamri ya siku ile yalikuwa madogo. Kaka alizihesabu noti mbele yake, akamwambia moja imechanika, akabadilishiwa.